Moyo Tunaouimba Hatuujui

Sisi watunzi wa pwani, kama kuna kiungo cha mwili tulichokitaabisha kwa maneno, basi ni moyo. Tumeutia mapenzi, tumeutia chuki, tumeutia ushujaa na woga, hata umejaa pomoni. Mimi mwenyewe sina hesabu ya beti nilizoulilia. Lakini mpaka nilipotimiza miaka hamsini sikuwa nimeuliza hata siku moja moyo huu wa nyama, uliomo kifuani, wafanya kazi gani, na huuguaje.

Aliyenifanya niulize ni mwenzangu wa barazani, marehemu sasa, Mungu amrehemu. Usiku mmoja baada ya Isha alishikwa na uchungu kwenye chembe cha moyo, na jasho jembamba likamtoka. Tulikuwa tumetoka kula biriani ya harusi, kwa hiyo akasema ni kiungulia. Akatengenezewa maji ya tangawizi, akanywa, akalala kwa ubavu. Wanawe walitaka kumpeleka hospitali, naye akawaambia: "Niacheni nipumzike, wanangu. Ni upepo tu huu, asubuhi utakuwa umeshuka." Asubuhi haikumkuta. Tulipokuwa tukitoka msikitini alfajiri ndipo tulipopata habari.

Nimeufikiri sana usiku ule, na nimeona kwamba hata lugha yetu ilishiriki kumdanganya. Mtu akitaka kutapika husema moyo wamchafuka. Pale penye kitovu cha mbavu, juu ya tumbo, tumepaita chembe cha moyo. Basi uchungu wa moyo wenyewe unapokuja, huwa tumekwisha kuupa jina la tumbo, na dawa ya tumbo tunayo jikoni.

Na neno "presha" limetuponza vivyo hivyo. Kila siku twaambiana, "Usinitie presha!" Tumeamini kuwa presha ni maradhi ya mwenye mawazo na madeni, na kwamba nyumba ikitulia, nayo hutulia. Hakika sivyo. Presha ni nguvu ambayo damu huisukuma mishipa inamopita. Ikizidi kwa miaka, mishipa hukakamaa na kuharibika, na moyo huchoka kama mpagazi aliyetwishwa mzigo mmoja usiku na mchana. Mwenyewe aghalabu hahisi kitu. Anaweza kulala vizuri, kula vizuri na kucheka barazani, huku kipimo chake kimepita 140 kwa 90, mahali ambapo matabibu husema hapa pana maradhi.

Mimi ni shahidi wa jambo hili. Nilipimwa baada ya mazishi yale, nikaambiwa ninayo. Nikameza vidonge miezi mitatu, nikajiona mzima. Ramadhani ilipoingia nikaviacha, nikajiambia kuwa saumu yatosha kuwa dawa. Baada ya Idi nikapimwa tena, na presha ilikuwa imerudi pale pale. Daktari hakunigombeza. Aliniuliza swali moja tu: "Mzee, ulipoviacha ulihisi nini?" Nikamjibu, sikuhisi kitu. Akasema: "Basi hilo ndilo la kuogopa."

Wala si mimi peke yangu. Uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kuwa karibu mtu mmoja katika kila wanne, miongoni mwa watu wazima, ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 maradhi ya moyo na mishipa ya damu yaliua watu milioni 17.9 ulimwenguni, na vifo vitatu katika kila vinne vilikuwa katika nchi zisizo tajiri. Wale waliokuwa wakisema haya ni maradhi ya matajiri na wazungu, na wafikiri tena.

Kurudia maneno bila kupima ni kosa la kale. Kwa zaidi ya miaka elfu moja matabibu walirudia kauli ya Galen, Mgiriki, kwamba damu hupenya kutoka upande wa kulia wa moyo hadi wa kushoto kwa vitundu vidogo vya ukutani. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, mzaliwa wa nchi ya Sham aliyetabibu Misri, aliandika kuwa ukuta ule hauna vitundu. Damu, alisema, huenda kwanza mapafuni ikachanganyika na hewa, kisha ikarudi moyoni upande wa kushoto. Bingwa huyu wa fiqhi na utabibu hakuona haya kuwapinga wakubwa waliomtangulia. Sisi twaona haya kuuliza nesi kipimo chetu.

Basi tufanyeje? La kwanza ni kupima, hata kama hujisikii vibaya. La pili ni chumvi. Kiasi kinachoshauriwa hakizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, na ndani yake zimo za ng'onda, achari na mchuzi. Sigara, miraa na muguka havina urafiki na moyo. Mahamri na viazi karai visiwe chakula cha kila siku. Kutembea kwa miguu nusu saa ni dawa isiyouzwa. Mwenye sukari na ajilinde mara mbili.

Ramadhani usiache vidonge kwa shauri lako. Muulize daktari kabla ya mwezi kuandama, kwani vingi vyaweza kumezwa wakati wa futari au daku. Na ambaye maradhi yake hayamruhusu kufunga, dini imempa ruhusa yake.

Na uchungu wa kifua ukikubana, ukaenda mkononi au taya, pamoja na jasho au pumzi kukatika, usingoje asubuhi. Mshipa unaoulisha moyo umeziba, na nyama yake inakufa kila dakika. Kuna dawa za kuyeyusha donge la damu na kuna mrija wa kuuzibua mshipa, lakini vyote vyamfaa anayewahi. Wanawake na wenye sukari huenda wasione uchungu, bali uchovu na kichefuchefu tu.

Gharama ni kweli ni mzigo. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya taifa imehamia SHA iliyorithi NHIF, na wengi wetu hatujajisajili. Tujisajili tungali wazima. Vidonge vya presha vya mwaka mzima ni rahisi kuliko kulea kiharusi mwezi mmoja.

Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mwenzangu hakuyaficha, aliyaita kwa jina lisilo lake. Jumamosi hii nitawachukua watu wa baraza letu, sote, tukapimwe.