Ujira wa Jasho

Jasho lina haki yake. Mkulima hulipwa na shamba, mvuvi hulipwa na bahari, na mwashi hulipwa na mwenye nyumba. Kwa nini basi mwanafunzi anayekimbia, akakipatia chuo chake sifa na mapato, aambiwe kwamba kupokea ujira ni aibu? Swali hili limewagawanya mashabiki wa michezo ya vyuo vikuu vya Marekani kwa miaka mingi, na mabishano yake yamevuka bahari. Hapa Kahawa Wendani, kando ya barabara ya Thika, ambako wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Kenyatta hupanga vyumba, utawasikia vijana wakilijadili kana kwamba ni jambo la nyumbani. Wala hawakosei, kwa maana miguu mingi inayosakwa na vyuo hivyo ni ya kwetu.

Historia yashuhudia. Julius Sang na Robert Ouko, waliokuwamo katika kikosi cha Kenya kilichotwaa dhahabu ya mbio za kupokezana vijiti huko Munich mwaka 1972, walisoma katika chuo kimoja cha Durham, North Carolina. Henry Rono, akiwa mwanafunzi wa Washington State University, alivunja rekodi 4 za dunia katika siku 81 za mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbilia chuo cha El Paso, Texas, na mwaka 1980 akapata medali ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow. Peter Rono alikuwa mwanafunzi katika Maryland aliposhinda mita 1,500 huko Seoul mwaka 1988. Mwaka 2024 Doris Lemngole, akikimbilia chuo cha Alabama, alishinda mbio za nyika za wanawake za vyuo vikuu. Watu hawa hawakuokotwa njiani. Walitafutwa, wakaitwa, wakaahidiwa karo, chakula na malazi.

Wapinzani wa malipo husema kwamba elimu ni ujira tosha. Neno hili lina sura nzuri, na katika nchi ambayo mzazi huuza ng'ombe ili mtoto asome, hapana mwenye akili atakayeidharau shahada isiyolipiwa karo. Lakini tuipime hoja yenyewe. Zawadi haina masharti ya goti. Kuanzia mwaka 1973, kwa karibu miaka 40, kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo hivyo, ziliruhusu msaada wa mwaka mmoja mmoja tu. Mwanafunzi aliyeumia au kupungua kasi aliweza kunyimwa msaada wa mwaka uliofuata. Kitu kinachotolewa mtu anapoweza kukimbia, na kuondolewa anaposhindwa, si zawadi. Ni ujira uliovikwa kanzu ya hisani, na mwenye kuulipa hujipatia sifa ya ukarimu juu ya faida.

Tena jina lenyewe la mtu huyu lilitungwa kwa hila. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa chuo kimoja cha Colorado, alikufa kwa jeraha la kichwa alilolipata mchezoni. Mjane wake akadai fidia apewayo mfanyakazi anayefia kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo lile ikamnyima, ikisema kwamba mumewe hakuwa mwajiriwa wa chuo. Walter Byers, aliyekiongoza NCAA kwa miaka mingi, aliandika baadaye kwamba jina la "mwanafunzi mwanariadha" walilibuni wao wenyewe, kwa kuogopa madai ya namna hiyo. Neno moja likawa ngao ya matajiri, na mjane akarudi mikono mitupu.

Haki huchelewa, lakini hufika. Mwezi wa Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji wote 9 kwa kauli moja, kwamba NCAA haina ruhusa ya kuweka kikomo juu ya manufaa ya masomo wanayopewa wachezaji. Julai 1 mwaka huohuo wanafunzi wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na sura zao katika matangazo ya biashara. Mwezi wa Juni 2025 jaji akayakubali mapatano ambayo chini yake chuo kinaweza kugawia wachezaji wake hadi dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza.

Hapo ndipo mashabiki walipopiga kelele zaidi. Walisema kwamba usakaji wa wachezaji utageuka mnada. Kwamba chuo chenye mfuko mnene kitawakusanya wote, na chuo maskini kitabaki na uwanja mtupu. Mimi nauliza: kabla ya hapo palikuwa na nini? Vyuo vikubwa vilikuwa vikishindana kwa majumba ya mazoezi, kwa viwanja na kwa mishahara ya walimu wa michezo inayohesabika kwa mamilioni ya dola. Mnada ulikuwako siku zote. Aliyekatazwa kupokea bei ni yule anayeuza jasho lake peke yake. Soko halikuanza siku mchukuzi alipodai ujira.

Hata hivyo, sitaki kuwaficha wasomaji kwamba mabadiliko haya yana mwiba, nao unamchoma mkimbiaji kuliko wengine. Sehemu kubwa ya fedha huelekezwa kwenye kandanda ya Kimarekani na mpira wa kikapu, kwa kuwa hiyo ndiyo michezo inayojaza viwanja. Tena mapatano ya 2025 yaliweka kikomo cha wachezaji kwa vyuo vilivyoyakubali: wakimbiaji 17 katika mbio za nyika, na wanariadha 45 katika riadha. Mahali panapokuwa pachache, mwalimu wa michezo hana subira ya kulea chipukizi; humtaka aliyekwisha kuiva.

Na mwiba ulio mkali zaidi ni huu. Mwanafunzi wa kigeni huingia Marekani kwa viza ya masomo, na sheria ya viza hiyo humbana asifanye kazi nje ya chuo ila kwa kibali maalumu. Kwa hiyo Mmarekani akimbiaye kushoto kwa Mkenya aweza kuuza jina lake kwa kampuni ya viatu, na Mkenya aliyemshinda akaogopa kufanya vilevile asije akafukuzwa nchini. Wote wawili wametoka jasho moja. Mmoja ana haki, mwingine ana shukrani. Wanaobishana kama malipo yataharibu michezo hawamtaji huyu. Kama ujira ni haki, basi ni haki ya kila atokwaye jasho, wala haubadiliki kwa rangi ya pasipoti.

Lakini kabla hatujawanyoshea wageni kidole, tutazame uani kwetu. Ziko shule hapa nchini zinazomchukua kijana kutoka shule nyingine kwa ajili ya mguu wake, zikamsamehe karo, zikamtembeza michezoni muhula mzima, kisha zikamwacha aukabili mtihani wa kidato cha nne bila kusoma. Kombe hubaki katika ofisi ya mwalimu mkuu. Kijana hurudi nyumbani na alama zisizompeleka popote. Tofauti ya shule hizo na vyuo tunavyovilaumu ni ukubwa wa mfuko tu.

Enyi wanafunzi, yamkini miongoni mwenu yuko atakayeandikiwa barua kutoka ng'ambo. Asiipokee kwa magoti. Na aulize: Msaada huu ni wa miaka mingapi, na umeandikwa wapi? Nikiumia, nitaendelea kusoma? Nitasoma somo nilitakalo, au lile lisilogongana na saa za mazoezi? Wakimbiaji wangapi waliotangulia walimaliza shahada zao? Atakayeona maswali haya kuwa utovu wa adabu hafai kukabidhiwa mtoto wa mtu. Henry Rono, pamoja na rekodi zake zote, alisimulia mwenyewe katika kitabu cha maisha yake jinsi ulevi na dhiki vilivyomwandama baada ya shangwe kunyamaza. Alifariki mwaka 2024, na ulimwengu uliomshangilia ukamkumbuka kwa siku chache.

Kwa hiyo natoa neno langu bila kumung'unya. Mwanafunzi mwanariadha alipwe, na alipwe waziwazi. Mgeni asitengwe na malipo hayo. Na kila shule au chuo kinachomwita kijana kwa ajili ya miguu yake kiwajibike kumfikisha mwisho wa masomo, akimbie au achechemee. Wazazi na walimu wadai ahadi hiyo kwa maandishi kabla kijana hajafunga sanduku lake.