Kodi ya Miezi Sita Inatula Mshahara

Kima cha chini cha mshahara serikalini kilipanda Julai 2025 kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Vigelegele vikapigwa. Sasa mlete huyo mwenye laki tano hapa Mabawa, Tanga, atafute pa kulala. Tuseme kapata chumba na sebule cha laki moja kwa mwezi, choo cha kuchangia. Mwenye nyumba hataki laki moja, anataka sita kwa mkupuo. Dalali naye anadai ya mwezi mmoja, ukiacha hela ya kukuzungusha. Laki saba zimetoka na godoro bado liko kwenye guta! Mshahara unalipwa kwa mwezi, kodi inadaiwa kwa nusu mwaka, na katikati pale ndipo wakopeshaji wa kausha damu wanapopata wateja.

Haya, umeingia. Unanunua umeme wa LUKU, unakatwa 1,500 kila mwezi, kodi ya jengo. Jengo la nani? La mtu ambaye pengine yuko zake Dar. Sheria inamtaja mmiliki, lakini mita inamkata aliyeingiza tokeni. Mdai akurudishie, uone kama mkataba utaongezwa.

Wajanja watasema: acha kupanga, nunua. Nyumba ya milioni 50, kwa mkopo wa benki wa riba ya asilimia 15 na miaka 20, rejesho ni kama 658,000 kwa mwezi. Laki tano zote zinaondoka na bado unadaiwa. Ukimaliza umelipa takribani milioni 158. Ndiyo maana watu wetu wanahangaika na kiwanja cha nje ya mji na kupandisha boma kwa mifuko miwili miwili ya saruji, saruji inayotengenezwa papa hapa Pongwe. Lakini hela ya tofali itoke wapi, ikiwa kila ukijikusanya kidogo miezi sita imegonga tena? Kodi ya mkupuo ndiyo inayomfanya mpangaji azeeke mpangaji.

Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Ikafutwa 2005, na mpangaji akaachiwa dalali. Sidai bei zipangwe Dodoma. Nadai kifungu kimoja tu cha sheria: kodi ilipwe mwezi kwa mwezi, na anayelazimisha zaidi ashitakiwe.

Wenye nyumba watalalamika kwamba wapangaji hutoroka usiku na deni. Wapo, nawajua. Chukueni amana ya mwezi mmoja. Na yule mjane anayeishi kwa vyumba vyake viwili (hawa ni wengi, tusiwatukane) atakuwa na cha kupika kila mwezi, badala ya mkupuo unaomalizikia kwenye ada za Januari.

Kifungu hicho hakihitaji mfadhili wala hakigharimu hazina senti. Waheshimiwa wabunge, kinachowashinda ni nini, kama si vyumba vyenu wenyewe vya kupangisha?