Ati Mpwani ni Mvivu!

Liko neno moja baya lililozoeleka katika nchi yetu, nalo husemwa mabarazani na safarini, hata na watu waliosoma: kwamba mtu wa pwani ni mvivu, hulala chini ya mnazi akingoja nazi imwangukie. Neno hili ni la uongo, nami nataka wewe, kijana usomaye kitabu hiki, ulipime kabla ya kulirudia.

Njoo kwanza Jego, karibu na Vanga, upande ule ambao Mto Umba, utokao milima ya Usambara, huingia baharini. Hapa wakaa Wavumba, Wadigo na Wasegeju. Kabla jua halijachomoza, wavuvi wamekwisha toka na ngalawa zao kwenda kutazama madema. Wanawake wamo bondeni, matope yawafika magotini, wapandikiza mpunga. Na mgema yu juu ya mnazi. Mpita njia ajaye adhuhuri humkuta mvuvi barazani ashona wavu wake, naye husema, "Tazama mvivu huyu!" Laiti angalikuja alfajiri!

Utaniuliza, "Mbona basi watu hao wengi wao ni maskini?" Jibu limo katika ardhi. Mwaka 1895 Uingereza ilishika utawala wa ukanda wa pwani, upana wake maili 10, kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 ikatunga sheria ya hati: kila mwenye kudai ardhi aje aithibitishe, na isiyodaiwa iwe mali ya Serikali. Fikiri sasa. Mdigo alilima ardhi ya ukoo, si ya mtu mmoja. Mpaka wake ulikuwa mbuyu, na ushahidi wake kaburi la babu yake. Nani angesimama aseme, "Hii ni yangu peke yangu"? Ndivyo watu wengi walivyolala wenyeji wakaamka maskwota. Uhuru ulikuja mwaka 1963, lakini hati zile hazikufutwa.

Tena, mnazi wataka miaka sita au zaidi ndipo uzae. Mara nyingi mwenye hati alimruhusu skwota kupanda mahindi na muhogo, akamkataza mnazi, mwembe na mkorosho, kwa sababu mti wa kudumu ni shahidi asiyenyamaza. Je, ni haki kumkataza mtu kupanda, kisha kumcheka kuwa hana miti?

Sikatai, wavivu wako pwani, kama walivyoko bara na Ulaya. Lakini tazama mikoko ya Vanga, Jimbo na Kiwegu: wenyeji walipokabidhiwa dhamana ya msitu ule, wameulinda na kuupanda kwa mikono yao wenyewe. Mtu hutunza kile ajuacho kwamba hatanyang'anywa kesho.

Neno hili si mzaha mtupu, bali lina madhara. Mtu akiisha kuitwa mvivu, hapana aonaye haja ya kumrudishia haki yake. Umaskini wake huhesabiwa kuwa kosa lake. Ninyi mnaosoma leo ndio mtakaokuwa makarani, wapima ardhi na mahakimu wa kesho. Siku mtakapoletewa kesi ya shamba, msiulize kama mtu huyu ana bidii. Ulizeni nani alilima hapo kwanza, na nani alimwondoa. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.