Walimu Wakigoma, Mama Unasema Nini Nyumbani?



Kila mara walimu wanapogoma, nyumba zetu hujaa watoto na hujaa maneno pia. Watoto wamerudi na mikoba yao, hawana pa kwenda. Maneno tunayatoa sisi wakubwa, tukiwa jikoni au tukisikiliza habari za saa 1 jioni: “Walimu hawa wamezidi! Saa tisa na nusu wako nje, likizo mara tatu kwa mwaka, na bado wanataka nyongeza!” Mwezi huu tungependa tuyapime maneno hayo, kwa maana mtoto anayasikia, na siku mgomo utakapokwisha atarudi kuketi mbele ya mwalimu yule yule.

Migomo si jambo geni hapa Kenya. Oktoba 1997 walimu wa shule za umma, wakiongozwa na chama chao cha KNUT, waligoma wakaahidiwa nyongeza ya asilimia 150 hadi 200, ilipwe kwa awamu katika miaka 5. Baada ya awamu ya kwanza mambo yakakwama, na 1998 wakagoma tena. Mwaka 2015 mahakama ya kazi iliwapa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali ikasema haina pesa hizo, walimu wakakaa nje karibu wiki 5, huku mitihani ya kitaifa ikikaribia. Novemba mwaka huo Mahakama ya Rufaa ikaifuta nyongeza ile. Mwishoni mwa Agosti 2024 walimu wa sekondari wa chama cha KUPPET nao waligoma kwa wiki moja.

Ukiyatazama hayo utaona kwamba mara nyingi chanzo cha mgomo ni ahadi iliyokwama, wala si uvivu. Haki ya mfanyakazi ya kugoma imeandikwa katika kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010. Haki ya mtoto ya kupata elimu imeandikwa humo humo, kifungu cha 53. Haki hizo mbili zinapogongana, anayepoteza siku zake za masomo ni mtoto, na anayebaki naye nyumbani ni mama.

SAA ZA MWALIMU

Kanuni za elimu za 2015 zilisema masomo katika shule za kutwa ni kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kisha michezo na shughuli nyingine hadi saa 10:45. Mtu akisoma hapo tu atadhani kazi hiyo ni nyepesi. Lakini tufanye hesabu ndogo. Darasa lina watoto 60. Mwalimu akilitazama kila daftari kwa dakika 2 tu, hizo ni dakika 120, yaani saa 2 nzima, kwa somo moja la siku moja. Akiwa na madarasa mawili ni saa 4, na bado hajatayarisha somo la kesho.

Sisi wauguzi tuna zamu. Saa ya kutoka ikifika, mwenzetu huingia, tukakabidhiana wagonjwa kitanda kwa kitanda, tukaenda nyumbani. Mwalimu hana wa kumkabidhi. Kengele ya mwisho ikilia, madaftari huingia kikapuni pamoja na sukuma wiki, nayo hungoja hadi watoto wake mwenyewe wale na kulala. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mwanao anayekusomea barua leo kuna mtu aliyekesha kwa ajili yake.

Tusimsahau pia mpishi anayewasha moto wa uji kabla ya mapambazuko, wala mlinzi anayebaki langoni peke yake walimu wakigoma.

Nasi tunajua maneno ya wakati wa mgomo yanavyouma. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma karibu miezi 5, tangu Juni hadi Novemba. Wagonjwa na akina mama wajawazito walitaabika, na hilo hatuliiti dogo. Lakini aliyesema “wauguzi hawana utu” alimtukana pia yule aliyemzalisha mwaka uliotangulia.

LA KUFANYA NYUMBANI

Kwanza, mweleze mtoto kwa ufupi na kwa ukweli: walimu na mwajiri wao hawajapatana kuhusu mshahara, watapatana. Usimtukane mwalimu mbele yake. Mtoto aliyefundishwa na mama yake kumdharau mwalimu hafundishiki tena kwa urahisi.

Pili, weka ratiba. Asubuhi kusoma, mchana kazi za nyumbani, jioni kucheza. Akina mama 5 wa kikundi kimoja kanisani wanaweza kupeana zamu, kila mmoja siku yake, watoto wakasoma pamoja chini ya macho ya mtu mzima. Jua wakati wote binti yako yuko wapi na yuko na nani. Si mimba zote za wasichana wa shule zinazoanzia shuleni.

Tatu, usimwite mwalimu aliyegoma aje kwako kwa siri umlipe afundishe mwanao. Unamgombanisha na wenzake, na mtoto wa jirani asiye na pesa anabaki nyuma.

Nne, shule zikifunguliwa, usidai muda uliopotea ulipwe kwa kumwamsha mtoto alfajiri na kumrudisha usiku. Kanuni zile zile za 2015 zilikataza shule ya kutwa kumtaka mwanafunzi afike kabla ya saa 1:15 asubuhi. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12, na akili iliyochoka haishiki somo. Mwalimu naye ana nyumba.

Tano, usingoje mgomo ndipo useme. Katika mkutano wa wazazi, na mbunge anapokuja kuomba kura, uliza kama mapatano ya walimu yanatimizwa. Yakobo 5:4 yatuonya kwamba ujira uliozuiliwa humlilia Mungu.

Nawe mama mwalimu unayesoma ukurasa huu, tunajua unatetea haki yako ukiwa na watoto wa wengine moyoni. Siku utakaporudi darasani, usiwalipize wao yaliyosemwa na wazazi wao.

Bwana awape viongozi wetu moyo wa kutimiza ahadi, na atupe sisi hekima ya kuuzuia ulimi. Hadi mwezi ujao, nyumba yako na ibarikiwe.