Mfungueni Mtoto Mkono

Ni jambo linaloonekana katika nyua nyingi, Tabora na kwingineko. Bibi anabangua karanga, mjukuu wa miezi minane amekaa kwenye mkeka pembeni yake. Mtoto ananyosha mkono wa kushoto, anadaka ganda, na kabla hajalifikisha mdomoni anazabwa kikofi. "Siyo huo!" Akirudia kesho, mkono unaviringishwa kitambaa. Wanaotazama wanaona malezi mema.

Si malezi mema. Imani kwamba mtoto anayetanguliza kushoto ameanza vibaya, na kwamba dawa yake ni kumkomesha angali mchanga, haina ukweli, na inaumiza watoto.

Imani hiyo imepata makao ndani ya lugha yenyewe. Mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Jina lake jingine ni wa kuume, yaani wa kiume, na wa kushoto wazee waliuita mkono wa kike. Kiswahili hicho kilipanda bara na misafara kutoka Bagamoyo, kikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Kazeh, Tabora ya leo, ambako wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Novemba 1857, kisha kikaendelea hadi Ujiji. Njiani hakikukuta watu wasio na fikra za namna hiyo. Mwaka 1961 mwanaanthropolojia T. O. Beidelman aliandika kuhusu Wakaguru kwamba kulia kulihesabiwa upande wa kiume na wa usafi, kushoto upande wa kike na wa uchafu. Basi mtoto wa mkekani anachapwa kwa sababu ya namna watu wazima walivyowapanga wanaume na wanawake.

Mkono wa mtoto una ratiba yake. Mchanga wa siku moja ukimgusa kiganja kwa kidole atakikamata, kulia na kushoto sawasawa. Hilo ni jibu la neva, wala si hiari yake, na hufifia katika miezi ya mwanzo. Kwenye mwezi wa nne au wa tano huanza kufuata kitu kwa makusudi, akikizoa kwa kiganja kizima. Karibu na mwezi wa sita hukihamisha kutoka mkono huu hadi ule. Kati ya miezi tisa na kumi na miwili huokota punje kwa ncha za kidole gumba na cha shahada, na hapo ndipo karanga za bibi zinapokuwa hatari, maana humkaba mtoto koo. Muda wote huo mikono hupokezana: wiki hii kushoto, wiki ijayo kulia. Mkono wenye nguvu hujitokeza polepole, mara nyingi baada ya mwaka wa pili. Yule wa miezi minane aliyezabwa hakuwa amechagua chochote.

Kuna mtoto mwingine wa kuogopewa zaidi. Ni yule ambaye hajatimiza mwaka na kila mara hutumia mkono mmoja tu, huku wa pili umekunja ngumi au umelala. Huyo si mashoto. Huenda upande mmoja wa mwili wake ni dhaifu, na huenda hiyo ni dalili ya mtindio wa ubongo, unaoweza kutokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, manjano kali au homa ya uti wa mgongo. Ikiwa mkono wake wa kulia ndio mgonjwa na wa kushoto umefungwa kitambaa, amenyang'anywa mkono aliobaki nao. Ikiwa mgonjwa ni wa kushoto, mambo ni mabaya zaidi: anatumia wa kulia peke yake, ukoo mzima unamsifu kwa adabu, na hakuna anayemkimbiza hospitali.

Na aliye mashoto kweli? Takriban mtu mmoja kati ya kumi duniani ni hivyo. Huko Belfast, Peter Hepper na wenzake waliwatazama kwa mashine ya picha watoto wakinyonya kidole tumboni mwa mama zao, kisha wakawafuatilia. Matokeo yalitolewa 2005: watoto 60 walionyonya cha kulia wote walitumia mkono wa kulia, na kati ya 15 walionyonya cha kushoto, 10 walikuwa mashoto. Hakuna bibi aliyewafundisha humo.

Wazee watauliza kuhusu sahani ya pamoja, na swali lao ni la haki. Kula kwa mkono wa kulia ni adabu, na kwa Waislamu ni sunna. Mtoto mwenye akili ya kuelewa ataelekezwa kwa maneno, naye atajifunza. Lakini adabu ya tonge haihusu kalamu, sindano wala jembe, na mwalimu anayemchapa mwanafunzi kwa kuandika kwa mkono wa kushoto hana cha kujitetea.

Katika miezi tisa kila mtoto hupelekwa kliniki kwa chanjo ya surua. Asubuhi hiyo, kabla ya kutoka nyumbani, mama amkalishe mapajani, amwekee kikombe upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, mara kadhaa. Akiona mkono mmoja haufuati kamwe, amwambie muuguzi siku hiyohiyo, na aombe rufaa ya kwenda hospitali, kama ile ya Kitete hapo Tabora.