Esanse, bunduki na Kifungu cha 142

Kikao cha Machi cha bunge letu hufungwa tarehe 15 Juni, na kuanzia hapo wabunge hurudi kwa wapiga kura wao kutoa ripoti. Katika likizo moja ya namna hiyo nilimsikiliza mbunge mmoja pale Baraka. Alianza na esanse. Akasema serikali inazilipa kampuni za mafuta "manque à gagner" zao, kisha "structure des prix" itaangaliwa upya. Motari aliyekaa kando yangu akaniinamia: "Ndugu, lita itashuka ao haitashuka?" Kifaransa nilikielewa, jibu sikuwa nalo.

Wapo wenzetu darasani watakaosema kosa lake ni kuchanganya lugha. Sikubali. "Esanse" yenyewe imetoka Kifaransa, "mazutu" vilevile, na hakuna kadhafi anayeuza kwa chupa barabarani anayekwama kwa maneno hayo. Tena yanasaidia, maana "mafuta" huku kwetu kwanza ni mawese. Lakini "manque à gagner" bado ni la ofisini. Na maana yake si ngumu: bei ya pampu inapangwa na Wizara ya Uchumi, ikiwekwa chini ya gharama, muuzaji anapungukiwa, na serikali inabaki na deni lake. Ukishamwambia motari hivyo, anaweza kuuliza swali la pili, lenye uzito zaidi: bei hiyo ya wizara inafikaje Fizi, baada ya barabara ya Uvira na vizuizi vyake?

Kwenye silaha mambo yalikuwa mabaya zaidi. Aliigusa sheria ya 2023 kuhusu jeshi la akiba, akasema "réservistes". Watu wakasikia "Wazalendo". Mzalendo ni neno la sifa. Halisemi nani ameandikishwa, nani anamwamuru, wala nani anaruhusiwa kupita sokoni na bunduki begani. Mzee mmoja aliuliza kwa Kibembe kama kijana wa jirani yake, mwenye bunduki, sasa ni askari. Alijibiwa kwa Kifaransa, kirefu. Kwa watu ambao wamekimbia nyumba zao usiku zaidi ya mara moja, lile halikuwa swali la msamiati.

Tusiiombe tafsiri kama fadhila. Kifungu cha 142 cha Katiba ya 2006 kinaiagiza serikali ieneze sheria kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo, ndani ya siku 60 tangu itangazwe rasmi na Rais. Mbunge anaweza kuidai serikali jambo hilo, nasi tunaweza kumdai yeye.

Na kitivo chetu je? Tunaandika tasnifu juu ya viambishi vya Kiswahili cha Kongo (yangu ni mojawapo). Ninaomba walimu wetu wakubali kazi ya mwisho iwe tafsiri ya sheria moja, isomwe kwanza mbele ya wamotari na wavuvi wa Baraka, kisha ndipo ije kwa wasahihishaji. Tuanze na ile ya jeshi la akiba. Kikao cha Septemba hufungwa tarehe 15 Desemba, na wabunge watarudi tena.