Bei ni Pesa Inayofika Mkononi mwa Muuzaji

Leo tuongelee jambo la soko. Wengi wanaliona dogo, lakini linapunguza chakula cha watoto kila siku. Ni namna tunavyolipana tunapouziana vitu kwa simu.

Kila mtu anajua biashara hii inavyoenda. Mama anapiga picha ya godoro, ya mashine ya kushonea, ya sufuria au ya simu ya mtoto wake. Anaitupa kwenye kundi la WhatsApp au Facebook, anaandika bei na mtaa anamokaa. Mnunuzi anafika, anageuza kitu, anapima, wanapatana bei, analipa noti, anachukua kitu chake. Pesa mkononi, kitu mkononi. Hakuna duka, hakuna risiti, hakuna mtu wa katikati.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia Goma, benki zilifunga milango. Februari, Bukavu nayo ikapatwa na yale yale. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Mwezi wa Aprili CADECO ilifunguliwa tena Goma chini ya AFC/M23, lakini CADECO peke yake haiwezi kubeba mji mzima. Noti zikawa adimu, na zile zilizobaki zinazunguka mpaka zinachakaa. Watu wakakimbilia M-Pesa, Airtel Money na Orange Money. Hapo ndipo kabini ya mtaani ikageuka benki, na mwenye kabini akaanza kukata zaidi kwa kila anayetaka noti, kwa sababu naye anazitafuta kwa shida.

Sasa mnunuzi anakuja na neno moja: “Sina noti, nakutumia kwa simu.” Tena anatuma bei ile ile waliyopatana, bila senti ya kutolea. Ninasema wazi: huyo hajalipa bei. Amelipa chini ya bei, na amemwachia muuzaji deni lake mwenyewe.

Tupige hesabu kwa mfano. Mashine ya kushonea imepatanwa dola 60. Mnunuzi anatuma dola 60 kwa simu. Tuseme kabini inakata dola 5 kwa kila 100. Muuzaji anapokea dola 57. Kama kabini haina dola, inampa franka kwa kiwango inachotaka yenyewe, na hapo anapoteza tena. Akipewa noti ya dola iliyochanika kidogo pembeni, sokoni wataikataa. Mashine ni ile ile iliyoondoka nyumbani kwake, lakini pesa iliyofika si ile waliyosemezana.

Na tuangalie ni nani anayeuza. Si tajiri anayebadilisha viti vya sebuleni. Mwezi wa Februari 2025 kambi za Bulengo, Lushagala na nyingine kandokando ya Goma zilivunjwa, na wahami wakaambiwa warudi kwao. Familia nyingi ziliondoka na shitingi, sufuria na watoto. Wengine walilala kwa ndugu, wengine kanisani, wengine walirudi Masisi au Rutshuru na kukuta nyumba haina paa. Mtu wa namna hiyo akiuza godoro, anatafuta pesa ya gari, ya dawa au ya kupanga chumba. Dola 3 zinazopotea kwenye kabini ni unga wa nyumba yake.

Wapo watakaonijibu: “Aache pesa hiyo kwenye simu, ailipe kwa simu pia.” Amlipe nani? Mama anayeuza sombe anataka noti. Kijana wa chukudu anataka noti. Mwenye moto anataka noti, na mwenye nyumba vilevile. Halafu wahami wengi walipoteza kadi ya uchaguzi njiani, na kadi hiyo ndiyo kitambulisho chetu hapa. Bila kitambulisho, kuandikisha laini kwa jina lako ni shida. Kwa hiyo pesa inapita kwenye namba ya jirani au ya shemeji, na hapo unamtegemea mtu mwingine kwa mali yako mwenyewe.

Wapo pia wanaosema noti ni hatari, kwamba mwenye noti anafuatwa na wezi usiku. Hilo ni kweli, sitalipinga. Lakini dawa yake ni kuchagua saa na mahali. Kitu kichukuliwe mchana, mbele ya watu, karibu na kanisa au duka linalojulikana, na muuzaji asiende peke yake. Simu nayo ina wezi wake. Mtu anaonyesha ujumbe wa uongo unaofanana na ule wa kampuni, anabeba kitu na kutoweka. Mwingine anapiga simu akilia kwamba ametuma kwa makosa, arudishiwe, kumbe hakutuma kitu. Kwa hiyo usiachie kitu chako kwa sababu ya ujumbe. Angalia salio lako mwenyewe, kwa siri yako mwenyewe, ndipo ukitoe.

Kuna jambo lingine la kuangalia: msimamizi wa kundi anayetaka pesa yote ipitie kwanza kwenye namba yake, aishike, halafu amlipe muuzaji baada ya kukata sehemu yake. Wanaotetea mpango huo wanasema ndivyo masoko ya Ulaya na Marekani yanavyofanya. Ni kweli kwamba soko kama eBay linapokea pesa ya mnunuzi lenyewe na kumlipa muuzaji kwenye akaunti yake ya benki. Lakini eBay ni kampuni yenye anwani, yenye sheria zilizoandikwa, na inaweza kushitakiwa. Na kule muuzaji ana benki iliyo wazi. Msimamizi wa kundi la mtaa ana nini zaidi ya namba ya simu? Akiizima, utamshitaki wapi? Tusinakili mpango wa watu wenye benki na kuuweka juu ya watu ambao benki zao zilifungwa.

Sisemi malipo ya simu ni mabaya. M-Pesa iko Kongo tangu mwaka 2012, na imeokoa nyumba nyingi. Ndugu aliye Kinshasa, Lubumbashi au Ulaya asingeweza kutufikia bila simu. Wala sisemi kila mwenye kabini ni mwizi. Ninachokataa ni mzigo wa noti kukosekana kuwekwa wote juu ya mgongo wa anayeuza godoro lake la mwisho.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, na hakuna hata moja linalohitaji amri ya mkubwa.

Mnunuzi, ukitaka kulipa kwa simu, sema kabla ya kupatana bei, na uongeze ya kutolea. Kama huwezi yote, gawaneni nusu kwa nusu, lakini mkubaliane kwanza, si baada ya mama kufunga godoro kwa kamba.

Muuzaji, andika kwenye tangazo lako: “Noti wakati wa kuchukua, au simu pamoja na ya kutolea.” Usione haya. Si ukali, ni hesabu.

Wasimamizi wa makundi, acheni muuzaji achague namna ya kulipwa. Msimfukuze kundini kwa sababu amekataa pesa yake ipitie kwenu.

Wenye kabini, bandikeni kwenye kibao mnachokata kwa kila kiasi, ili mtu ajue kabla ya kutoa namba yake ya siri. Bei inayobadilika kwa kuangalia sura ya mteja ni wizi.

Na wakubwa, wa Kinshasa pamoja na wale wanaoshika miji yetu, wajue kwamba ugomvi wao juu ya benki unalipwa na mwenye sufuria moja. Wakati wanapokokotana, sisi wenyewe kwa wenyewe tusiumizane. Mkisemezana dola 20, basi dola 20 zifike.